Nchi ya Ekari 109: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Katika toleo lililopita mwanafunzi mmoja wa Mtwara aliuliza ni nchi gani iliyo ndogo kuliko zote duniani, nasi tukamjibu kwa neno moja: Vatikani. Jibu hilo fupi limeleta barua ndefu kutoka Mtwara na Lindi, nyingine za kutaka kujua na nyingine za kubisha. Nimechagua tano. Nyingine zilizobaki zinauliza mambo yaleyale.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kaka yangu analima korosho Tandahimba. Alisoma jibu lenu akacheka, akasema kwamba eneo lisilo na mto, bandari wala shamba haliwezi kuitwa nchi, na kwamba hiyo Vatikani ni mtaa wa Roma uliopewa heshima tu. Nimwambie nini? – Msomaji wa Chikongola, Mtwara

JIBU: Marahaba. Mwambie kwamba kuhusu udogo hakukosea hata kidogo. Vatikani ina hekta 44, yaani ekari zipatazo 109. Mkulima anayepanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 angepata humo miti kama 3,000, tena kwa sharti kwamba kwanza abomoe Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, makumbusho na majumba yote, kisha ang'oe bustani ambazo peke yake zinachukua karibu nusu ya eneo. Jiji la Roma limeizunguka pande zote, hivyo jirani yake ni mmoja tu, Italia. Sehemu kubwa ya mpaka ni ukuta wa kale, lakini penye Uwanja wa Mtakatifu Petro mpaka ni mstari mweupe uliopita chini, na mtu anauvuka bila kuulizwa pasipoti.

Alipokosea kaka yako ni kudhani kwamba nchi hupimwa kwa kinachoota ndani yake. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Mapapa, yaani wakuu wa Kanisa Katoliki, walitawala sehemu kubwa ya Italia ya kati kama wafalme wengine wa zama zao, wakiwa na majeshi, kodi na magavana. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya ufalme mpya wa Italia yalitoboa ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia yakauteka mji, na Papa Pius IX akajifungia Vatikani. Mwaka uliofuata Italia ilitunga sheria ya kumhakikishia heshima na posho, naye akaikataa kwa sababu ilikuwa ya upande mmoja. Nami naona alikuwa na hoja, kwani kinachotolewa na bunge huweza kufutwa na bunge hilohilo. Waliomfuata walishikilia msimamo huo, na kwa karibu miaka 60 hakuna Papa aliyetoka nje ya kuta zile.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Katika miaka hiyo yote ambayo Papa hakuwa na nchi, mataifa kadhaa yaliendelea kupeleka mabalozi kwake na kupokea wa kwake. Yalikuwa yakishughulika na Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa akiwa mkuu wa Kanisa Katoliki, ambayo katika sheria za kimataifa inasimama yenyewe. Nchi ilikuja baadaye, kwa Mkataba wa Laterano uliotiwa saini tarehe 11 Februari 1929 na Kardinali Pietro Gasparri kwa niaba ya Papa Pius XI, na Benito Mussolini kwa niaba ya mfalme wa Italia, ili mwenye mamlaka hayo apate mahali ambapo hakuna serikali nyingine inayoweza kumwamuru. Kwa hiyo ekari zile ni kigoda: hazikukusudiwa kulimwa, zilikusudiwa kukaliwa. Ndiyo maana balozi wa Papa aliyeko Dar es Salaam anawakilisha Kiti Kitakatifu, na ndicho Kiti hicho, wala si Dola la Vatikani, kilicho na nafasi ya mtazamaji wa kudumu katika Umoja wa Mataifa tangu 1964.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Kilwa Masoko, Mwislamu, na kujua mambo ya wenzangu hakunipunguzii dini yangu. Hapo Kisiwani palikuwa na dola ndogo yenye sultani, msikiti mkuu na sarafu yake. Je, hao nao wako hivyo? Papa ni mfalme? Anamrithisha nani? Na mwizi akikamatwa huko anashtakiwa wapi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mfano wako ni mzuri kuliko mingi niliyoisoma vitabuni, kwa hiyo nitaufuata.

Nianze na sarafu. Wakati wa ustawi wake Kilwa Kisiwani ilifua sarafu za shaba zenye jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyopatanishwa kwa vina na jina hilo, ustadi ambao Vatikani haijaufikia. Wao hutumia yuro, na kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya wana haki ya kutoa sarafu zao kwa kiasi maalumu, ambazo hufuliwa katika kiwanda cha Italia. Zilikuwa zikibeba sura ya Papa aliyepo, hadi mwaka 2017 ambapo Papa Fransisko aliiondoa sura yake, ikawekwa nembo.

Kilwa iliishi kwa biashara, hasa dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, na Wareno walipoishambulia mwaka 1505 waliipiga penye uhai wake. Vatikani haina bidhaa ya namna hiyo. Hupata fedha kutokana na viingilio vya makumbusho, stempu za posta ambazo wakusanyaji wa dunia nzima huzitafuta, na sadaka za waumini.

Kuhusu utawala, ndiyo, Papa ni mfalme, tena mfalme kamili, kwa kuwa mamlaka ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu yote yamo mikononi mwake. Hakuna vyama wala uchaguzi wa wabunge. Kwa kazi za kila siku huteua tume ya kutunga sheria, na shughuli kama za ujenzi, posta, usalama na makumbusho huendeshwa na ofisi iitwayo Ugavana, ambayo tangu Machi 2025 inaongozwa na Sista Raffaella Petrini, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Urithi ndipo mfano wa Kilwa unapokoma. Papa hana mke wala mtoto wa kumrithisha. Anapofariki, makardinali, yaani viongozi wa Kanisa walio chini yake moja kwa moja, ambao hawajafikisha miaka 80 hufungiwa katika Kikanisa cha Sistina na kupiga kura ya siri mpaka mmoja apate theluthi mbili. Karatasi za kura huchomwa, na moshi ndio unaowapasha habari walioko uwanjani: mweusi ukiwa bado, mweupe akiwa amepatikana. Mkutano huo huitwa konklavu. Wa Mei 2025, uliomchagua Leo XIV aliyezaliwa Chicago, ulikuwa na wapiga kura 133, akiwamo Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora. Mtanzania si mgeni humo, kwani Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960, alipiga kura mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Kwa hiyo mfalme huyu huchaguliwa na watu waliotoka kila bara, jambo ambalo sijui kama kuna taifa kubwa lingelikubali kwa rais wake.

Mwizi hushtakiwa hukohuko, maana wana mahakama na wana vyumba vichache vya mahabusu katika kambi ya polisi wao. Mwaka 2012 mtumishi wa nyumbani wa Papa Benedikto XVI alihukumiwa kifungo kwa kuiba nyaraka za bosi wake. Alikaa humo kwa miezi michache tu, kisha Papa mwenyewe akaenda kumtembelea na kumsamehe. Mkataba wa 1929 unaruhusu pia Vatikani kuiomba Italia imshughulikie mkosaji, na polisi wa Italia ndio wanaolinda Uwanja wa Mtakatifu Petro siku za kawaida.

SWALI: Mtoto akizaliwa Vatikani anakuwa raia? Na mimi nikitaka uraia nifanyeje? – Dada wa Masasi

JIBU: Kuzaliwa hakumpi mtu uraia wa Vatikani, na hospitali ya kujifungulia hakuna. Uraia wao unafuata kazi: makardinali wanaoishi Vatikani au Roma wanao, wanadiplomasia wa Kiti Kitakatifu wanao, walinzi wanao, na mke, mume au watoto wa mwenye uraia huweza kuupata wakiishi naye. Kazi ikiisha, uraia kwa kawaida nao unaisha, na asiyekuwa na uraia mwingine huhesabiwa kuwa Mwitalia. Jumla ya raia hawafiki elfu moja, na wengi wa wanaofanya kazi humo hulala Roma. Ukitaka kwenda kutembea tu, dada yangu, omba viza ya Italia, kwa sababu uwanja wa ndege hawana, wana kiwanja cha helikopta.

SWALI: Hapa Ndanda kwenye abasia niliona kalenda yenye picha ya askari waliovaa mistari ya buluu, nyekundu na njano kama watu wa maigizo. Ni askari kweli? Mwenzangu anasema sare hiyo ilichorwa na Michelangelo.

JIBU: Ni askari kweli. Papa Julius II aliwaleta kutoka Uswisi mwaka 1506, wakati ambapo Waswisi walisifika Ulaya nzima kwa kupigana kwa ujira. Tarehe 6 Mei 1527 majeshi ya Kaisari Karoli V yalipoivamia Roma, walinzi hao 147 kati ya 189 walikufa wakimpa Papa Klementi VII nafasi ya kukimbilia ngomeni, na ndiyo sababu mpaka leo walinzi wapya huapa tarehe hiyo. Anayetaka kujiunga lazima awe Mswisi, Mkatoliki, mwanamume asiye na mke, mwenye umri wa miaka 19 hadi 30, urefu usiopungua sentimita 174, na awe amekwisha kupata mafunzo ya jeshi kwao. Amri hupewa kwa Kijerumani, ilhali serikali yenyewe hutumia Kiitaliano, na Kilatini hubaki katika nyaraka rasmi za Kanisa.

Mwenzako amechanganya mambo, ingawa si yeye peke yake. Sare inayovaliwa leo ilibuniwa na kamanda wao Jules Repond miaka ya 1910, akiangalia picha za kale. Michelangelo alikuwa na kazi nyingine: alichora dari ya Kikanisa cha Sistina kati ya 1508 na 1512, akarudi baadaye kuchora Hukumu ya Mwisho ukutani nyuma ya altare, na uzeeni akabuni kuba la Kanisa Kuu, ambalo hakuishi kuliona likikamilika.

SWALI: Babu yangu alifanya kazi kwenye reli ya karanga, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Nimesikia Vatikani nayo ina reli. Ndani ya ekari 109? – Kijana wa Nachingwea

JIBU: Wanayo. Ni njia ya mita mia chache tu, iliyojengwa baada ya mkataba wa 1929, inayoungana na reli ya Italia kwa kupita kwenye tundu la ukuta lenye lango zito la chuma. Kazi yake kubwa imekuwa kuingiza mizigo. Papa wa kwanza kuitumia kwa safari alikuwa Yohane XXIII, aliyepanda treni hapo tarehe 4 Oktoba 1962 kwenda Loreto na Assisi. Mwambie babu yako, kama bado yupo, kwamba ilikuwa mwanzoni mwa miaka ileile ya 1960 ambayo njia yake ya Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa na mataruma yake yakang'olewa.