Karatasi ya Pili

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza jinsi ya kumtambua wakili mwema kabla ya kumlipa. Kwa miaka kadhaa nimewaambia watu wa barazani kwetu Ngamiani kwamba wakili ni wa kumkimbia, kwa hiyo jibu langu lilikuwa tayari kabla sijashika kalamu.

Mwaka 2022 tuligombania na jirani mpaka wa nyumba ya marehemu baba. Tulianzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halitoi tena hukumu bali husuluhisha tu. Suluhu iliposhindikana tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dada yangu akasisitiza tuweke wakili. Nilihakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wanaobeba mafaili bila leseni tunawajua. Ada tukaiandikiana, na risiti nikapewa.

Aliniuliza, tena mara mbili, kama ipo karatasi nyingine yoyote ya kiwanja kile. Nikajibu kwamba hakuna. Ilikuwepo. Ndani ya sanduku la mama, chini ya kanga zake, yalikuwemo maandishi ya baba mwenyewe akimuuzia jirani hatua sita za uwanja mbele ya balozi wa nyumba kumi. Niliyaacha mle kwa kuwa balozi na mashahidi wote walikwisha fariki, nikidhani jirani naye nakala yake imeliwa na mchwa.

Siku ya ushahidi jirani akaitoa, imekunjwa mara nne hata mikunjo imetoboka. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Saini ya baba naijua. Herufi yake ya mwisho ina mkia mrefu unaorudi nyuma. Wakili akanisogezea, akaniuliza polepole, "Mzee wangu, hii ulikuwa unaijua?" Nikageukia dirishani. Nje mtu alikuwa akijaza upepo baiskeli yake, na mpaka leo nikisikia pampu, na Tanga hii baiskeli hazihesabiki, narudi katika chumba kile.

Tukashindwa, tukaamriwa kulipa gharama za jirani. Wakili alinishauri nisikate rufaa Mahakama Kuu, siku 45 zikapita, nami barazani kwetu Ngamiani nikatangaza kwamba ameuza kesi.

Nilitaka kuyarudia hayo hapa, lakini nikiyaandika hayaandikiki. Ninyi mmeuliza habari za wakili. Za mteja hamkuuliza. Siri ya mteja wakili hufungwa na sheria kuitunza, na lau ningemwonyesha karatasi ile siku ya kwanza, huenda angenituma kwa jirani tukapima hatua sita yakaisha.

Basi mwekeni wakili, ingawa kwa deni dogo katika Mahakama ya Mwanzo mtu anaweza kujisemea mwenyewe, na asiye na uwezo wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Ada bado naiona kubwa, wala sisemi kila wakili yuko kama huyu. Huyu wangu, nikipatwa na shauri jingine, nitamrudia na sanduku zima, iwapo atakubali kunipokea.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga