Mtumbwi kutokea na omo mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini umbo la 3D la mtumbwi wako wa pale Kibirizi, ulilotengeneza kutokana na picha kwa programu ya COLMAP, limetoka na omo (sehemu ya mbele) mbili na matundu ubavuni. Tatizo kubwa si idadi ya picha 40 ulizopiga. Kasoro ni namna zilivyopigwa na zilivyosafirishwa. Umesema zilipitia WhatsApp: ukituma kama picha za kawaida, zinabanwa na taarifa za lenzi zinafutika, hivyo COLMAP inabaki kukisia. Tuma kama dokumenti, au hamisha kwa waya.

Omo kutokea mara mbili kunatokana na kukata kona ghafla. Picha za kushoto na za kulia hazikuwa na alama za pamoja za kutosha, kwa hiyo kila ubavu ukajengwa kivyake halafu vikaungwa vibaya. Ukifika omo na tezi (sehemu ya nyuma), sogea taratibu, picha kila nyuzi 5 hadi 10. Ubavuni, kila picha irudie kama robo tatu ya iliyotangulia. Zunguka mara mbili: usawa wa kifua, kisha mikono juu. Usivute zumu, na funga fokasi na mwanga visibadilike.

Yale matundu ubavuni ni maji. Mbao iliyolowa inang'aa, na mng'ao unahama kila unapohama wewe, programu haiipati nukta ile ile. Acha ukauke, upige kukiwa na mawingu. Tazama ulivyotoka vizuri penye misumari na kalafati (pamba ya kuziba nyufa), maana hapo pana alama zisizohama! Mawimbi ya nyuma nayo yanahama, yafunike kwa maski, yaani picha inayoiambia programu sehemu ya kupuuza.

Na tafadhali laza ufito wa mita 1 kando yake, maana picha peke yake hazisemi mtumbwi una urefu gani.