Jibu: Kwa nini watu wanawashabikia wenye misimamo mikali?
Mkuu, umeuliza inakuwaje watu wenye akili timamu wawashangilie wanasiasa wa misimamo mikali. Anzia dirishani kwenye ofisi ya serikali: faili limepotea, karani anakwambia "njoo kesho" bila kuinua macho kwenye simu yake, na kesho yenyewe mtandao hakuna. Mtu aliyezungushwa hivyo miezi atamsikiliza yeyote anayepiga meza. Ujerumani, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928. Julai 1932, ajira zimekauka na serikali hazidumu, kikazoa 37.3. Mwaka uliofuata kikapiga marufuku vyama vingine vyote (dawa gani hiyo!). Ila wanaonikera zaidi ni viongozi wastaarabu wanaokemea chuki kila wakishika kipaza sauti, huku ofisi zao hata simu hazipokei.