Mazoezi ya chumbani na kujiamini: nimejibu meseji zenu

Tangu niseme kwamba mimi nilianza mazoezi chumbani kwangu hapa Nkuhungu kwa sababu nilikuwa naogopa kuongea mbele za watu, wala sio kwa sababu ya kitambi, meseji hazijakatika. Nimezisoma zote. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, majina nimeyatoa.

Dada mambo, nasoma chuo hapa Dodoma, tumepanga chumba wawili kule Ng'hong'hona. Mwili wangu naushangaa tu, gym naona aibu kwenda, na chumba chenyewe vitanda viwili vimejaa. Naanzia wapi?

Mdogo wangu, sehemu ya kutandika kitenge kimoja inatosha kabisa. Anzia ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa mabega, shuka taratibu mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume urudi. Mara tano tu. Ukifika mara 15 bila kuhangaika hamia kwenye ukingo wa meza isiyoyumba, kisha chini ukiwa umepiga magoti, kisha ndio pushapu yenyewe ya sakafuni. Changanya na skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na kama zinakuumiza we kaa kwenye kiti na usimame, kaa na usimame, ni kitu kile kile.

Mimi kutoka ukutani mpaka pushapu moja kamili ya chini ilinichukua wiki 11. Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mikono inatetemeka, nimejisukuma mpaka juu, nikaanguka pembeni, na pale kwenye simenti jasho limeacha alama za viganja viwili. Nikakaa naziangalia mpaka zikakauka. Kwenye kioo nilikuwa yule yule, nguo zile zile, hakuna aliyejua. Lakini jioni kwenye kikao cha vikoba wakauliza nani ana hoja, nikanyoosha mkono. Miaka miwili nilikuwa nakaa tu pale nasaini na kuondoka.

Ndio maana nakwambia mwezi wa kwanza achana na kioo na mizani. Hesabu mara ulizofanya, andika kwenye daftari. Namba ikipanda kutoka 5 kwenda 9 hakuna wa kukubishia, ipo pale kwa mwandiko wako. Na mwenzako wa chumbani mwambie mapema, asubuhi dakika 10 chumba kinakuwa changu, uwezekano mkubwa baada ya wiki mbili utakuta naye yupo kwenye kitenge.

Dada mimi nipo Singida mjini. Nimeanza mazoezi zaidi ya mara sita, wiki ya kwanza moto kweli kweli, ya pili nimeacha. Imefika mahali naona mimi ni mtu wa kushindwa tu.

Hapana kaka, hebu tuangalie unaanzaje. Watu wengi mkianza mnaanza na saa nzima, mmeona video mtu anaruka ruka dakika 45 na nyie humo humo, siku ya tatu mapaja yanauma hata ngazi huwezi kupanda, siku ya tano unajitafutia sababu, ya nane umeacha, halafu kinachobaki kichwani ni kwamba ulijiahidi ukashindwa. Ukirudia mara sita umejifundisha mara sita kwamba neno lako kwako mwenyewe halina uzito. Hapo ndipo kujiamini kunapovuja, mwili hauna kosa.

Sasa geuza. Jiahidi kitu kidogo ambacho hata siku ya msiba au ya safari utakifanya. Skwati 10 kabla ya kupiga mswaki. Basi. Ukitaka kuongeza ongeza, ila ahadi ni 10. Mswaki huusahau kwa hiyo na skwati hutozisahau.

Na usitegemee izoeleke ndani ya siku 21 kama wanavyosemaga. Kuna utafiti wa University College London walifuatilia watu 96 wakijijengea mazoea mapya, wastani ikatoka siku 66, mwingine siku 18 tu ameshazoea na mwingine makadirio yakafika siku 254! Halafu, na hili ndilo nataka ulishike, waliona kukosa siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo ukiruka Jumatano, Alhamisi unaendelea, husubiri Jumatatu wala mwezi mpya.

Na wewe ni wa Singida bwana, una mfano nyumbani. Alphonce Simbu alichukua shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, dhahabu akaja kuipata Tokyo mwezi wa 9 mwaka 2025. Miaka nane hapo katikati! Na alimshinda Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, muda wa wote ukasomeka saa 2:09:48. Siku nyingi sana katika ile miaka nane aliamka akakimbia na hakuna aliyekuwa anampigia makofi.

Nina mtoto wa miezi miwili, nimejifungua kawaida. Tumbo limelegea sijipendi kabisa. Mama mkwe anasema nikifanya mazoezi nitajiumiza tumbo la uzazi. Nipo Makole.

Hongera sana mama. Mama mkwe usimwone mbaya, anakulinda, na upande mmoja yupo sahihi, kuruka kamba na sit-apu, ile ya kulala chali na kuinua kiwiliwili, bado kabisa. Ila kulala tu nako sio dawa. Kama lile hudhurio la siku 42 baada ya kujifungua ulienda na wakaona uko sawa, waulize pale pale kliniki uanze na nini, na kama hukwenda basi nenda, nenda na mama mkwe mwenyewe amsikie nesi kwa masikio yake. Wakati unasubiri, kutembea na mtoto jioni jua likipoa, na ile ya kukaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara 10, unaifanya hata ukiwa unanyonyesha na hakuna anayejua. Ukiona damu inaongezeka au maumivu, acha ukaonwe. Waliojifungua kwa upasuaji msifuate haya, nyie muda wenu ni mrefu zaidi, msikilizeni daktari.

Na tumbo lilibeba mtu miezi tisa. Lipe muda, tafadhali.

Naendesha boda, nina miaka 24, nimekonda wananiita njiti kijiweni. Pesa ya gym sina. Vyuma nitapata wapi?

Maji mdogo wangu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu cha lita 5 ni kilo 5, dumu la lita 20 ni kilo 20, na uzuri wake unapunguza na kuongeza unavyotaka. Shika vidumu viwili, inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta viwiko nyuma. Begi la mgongoni weka mchanga piga nalo skwati. Siku tatu kwa wiki inatosha, siku nyingine mwili unajengeka. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinaongezeka na mkono uko vile vile, usikate tamaa, ni mishipa ya fahamu ndio inajifunza kwanza kuitumia misuli uliyonayo, nyama inafuata baada ya miezi miwili mitatu. Kula. Ugali wa uwele na maharage, karanga, dagaa, mayai ukipata, na sio kushinda na soda na andazi mpaka saa kumi jioni. Halafu lala.

Hilo jina la njiti usilijibu. Endelea na madumu yako.

Mwanangu, nina miaka 63, nimestaafu, nipo Kongwa. Nina presha natumia dawa. Nahisi nimekuwa mzigo, hata kuinuka kwenye kochi nasaidiwa. Nimechelewa?

Shikamoo baba. Hujachelewa hata kidogo, misuli inasikia mazoezi hata ukiwa na miaka 80. Kwanza pima presha, mwambie daktari unataka kuanza, dawa usiache. Kisha chukua kiti kigumu kirefu kidogo kuliko kochi, kiegemeze ukutani, inuka bila kushika mara tatu asubuhi tatu jioni. Ukishindwa shika kwa mkono mmoja. Usibane pumzi unapoinuka, toa hewa, maana kubana pumzi kunapandisha presha. Tembea asubuhi kidogo kidogo mpaka ufike nusu saa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija kaa chini, usijilazimishe, tafuta msaada haraka.

Siku utakayoinuka kwenye kochi mwenyewe mbele ya wajukuu, naomba uniandikie.

Upepo wa mwezi wa 7 na vumbi hili, uani hakufanyiki kitu.

Fanya ndani, mwagia sakafu maji kidogo kwanza ufute. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Dada nina usaili wiki ijayo hapa Dodoma, ni wa nne huu. Nikikaa mbele ya lile jopo moyo unapiga mpaka nasahau jina la chuo nilichosoma. Mazoezi ya wiki moja yatasaidia kitu?

Mwili hautabadilika kwa wiki moja, nisikudanganye. Ila kuna kitu utakipata. Leo ruka kamba, hata bila kamba yenyewe, dakika moja kwa nguvu, halafu simama, weka mkono kifuani usikie unavyopiga. Usifanye chochote, pumua kwa pua, toa kwa mdomo taratibu, subiri. Baada ya dakika mbili tatu umeshuka. Rudia mara tatu, kila siku mpaka siku ya usaili. Ukiwa bado unahema jibu kwa sauti swali moja, jitambulishe jina, chuo, ulisoma nini. Mara ya kwanza sauti itakatika katika, siku ya nne utashangaa. Mwili wako utakuwa umeshajua kwamba moyo kwenda mbio sio hatari, unapanda na unashuka, na ukiwa umepanda mdomo bado unafanya kazi. Kwenye kile kiti moyo utapiga tu, ila safari hii unaufahamu.

Siku yenyewe amka mapema, skwati 20, tembea dakika 10, oga, kunywa chai na kitu cha kushika tumbo, vyeti viweke kwenye bahasha usiku wa kuamkia. Ukitoka tu nitumie meseji, nitakuwa naisubiri.