Kupika baada ya kustaafu
Mzee mwenzangu, umeuliza kama mtu aliyestaafu bandarini, hajawahi kushika mwiko, anaweza kuanza kupika sasa na akaona raha yake. Anaweza, tena sana. Anza na mbaazi za nazi. Ziroweke usiku, asubuhi uzichemshe mpaka zilainike, kisha utie tui jepesi. Tui zito lisubiri mwisho, moto mdogo, ukikoroga polepole lisije likakatika. Hapo ndipo penye raha yenyewe: unasimama, unakoroga, mawazo yote yanatulia. Nazi nunua soko la Marikiti, ukune mwenyewe kwa mbuzi. Tui la pakiti mimi silipendi. Na usipike ya mtu mmoja. Mwite jirani mle pamoja, mahamri aje nayo yeye.