Rangi za picha za Hubble na James Webb ni za kweli au zimepakwa? Na mnajuaje kometi ina gesi gani?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Naona picha za darubini za angani zinasambaa zina rangi kali balaa, wengine wanasema zimepakwa tu na kompyuta. Sasa kama rangi ni za kupaka, nyie mnajuaje galaksi fulani iko mbali kiasi gani, au kometi ina gesi gani, na hakuna aliyefika huko? Na je mtu wa kawaida mwenye kompyuta yake anaweza kuzipata hizo picha kabla hazijapakwa rangi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante, hili swali naulizwa sana ila wewe umeliuliza vizuri maana umeunganisha rangi na vipimo.

Tuanze na rangi. Kamera za utafiti za Hubble na za Webb hazipigi picha ya rangi. Kinachotoka kwenye kihisi cha kamera ni namba, kila pikseli na namba yake inayoonyesha imepokea mwanga kiasi gani, kwa hiyo picha ghafi ukiifungua ni nyeusi, kijivu na nyeupe basi. Ila mbele ya kihisi kuna filta, na kila filta inapitisha kipande kimoja tu cha mwanga. Unapiga na filta ya kwanza, unabadilisha, unapiga na ya pili, na ya tatu, mpaka una picha kadhaa za eneo lile lile, alafu kila moja unaipa rangi yake na kuzipandanisha. Hapo ndo rangi inapozaliwa.

Ile picha ya Hubble ya mwaka 1995 inayoitwa Nguzo za Uumbaji, kwenye nebula ya Tai (wingu la gesi na vumbi angani), ilitengenezwa hivyo: mwanga wa salfa ukapewa nyekundu, wa haidrojeni ukapewa kijani, wa oksijeni ukapewa bluu. Sasa angalia kitu hapa. Haidrojeni inatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656 na salfa nanomita 673, na kwa jicho la binadamu zote mbili ni nyekundu tu, yani wangeamua kufuata jicho usingejua wapi kuna salfa na wapi kuna haidrojeni, kila kitu kingekuwa wekundu mmoja. Wamezitenganisha makusudi ili uone. Na Webb ndo kabisa, kamera yake kuu ya NIRCam inachukua mwanga kuanzia mikroni 0.6 mpaka 5 (mikroni moja ni nanomita 1000) wakati jicho letu linaishia kama 0.7 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokiona Webb haina rangi yoyote kwa binadamu. Kinachofanyika ni kusogeza: mawimbi mafupi yanapewa bluu, marefu yanapewa nyekundu, mpangilio unabaki ule ule wa upinde wa mvua. Daktari akisoma eksirei hakuna anayembishia kwamba mfupa sio mweupe hivyo, kinachotakiwa ni kujua ule weupe unamaanisha nini.

Kinachoniuma mimi ni picha kusambazwa imekatwa maelezo. NASA na ESA, mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya, wakitoa picha ya Webb huwa wanaandika filta zilizotumika na kila moja imepewa rangi gani, ukisoma hapo unaelewa picha yote, ila watu wanaposti picha tupu alafu ubishi ndo unaanza.

Sasa umbali na gesi. Hapa picha tunaiweka pembeni, maana hivyo vitu vinasomwa kwenye spektra. Chombo kama NIRSpec ndani ya Webb kinachukua mwanga wa kitu kimoja na kuutawanya, unapata grafu, chini kwa mlalo ni urefu wa wimbi na kwenda juu ni wingi wa mwanga. Kila atomu na kila molekuli ina sehemu zake kwenye hiyo grafu inapotoa au kumeza mwanga, na sehemu hizo zinajulikana kwa kupimwa maabara.

Mfano wa galaksi, chukua JADES-GS-z14-0 iliyotangazwa 2024. Haidrojeni ya zile enzi za mwanzo inameza mwanga wa ultravayoleti ulio mfupi kuliko nanomita 121.6, kwa hiyo ukichora grafu ya galaksi hii upande wa mawimbi mafupi hamna kitu, patupu, alafu ghafla mwanga unapanda. Ila haupandi kwenye nanomita 121.6, unapanda karibu na mikroni 1.85, yani wimbi limerefuka mara 15 na kidogo. Ulimwengu wenyewe umetanuka mara hizo tangu mwanga ule uondoke kwenye galaksi na wimbi likavutika nao. Hiyo namba ukiiingiza kwenye modeli ya kutanuka kwa ulimwengu inakupa jibu kwamba mwanga uliondoka wakati ulimwengu haujafikisha hata miaka milioni 300. Baadaye darubini za redio za ALMA kule Chile zikaona oksijeni kwenye galaksi hiyo hiyo, na ile namba ikanyooka zaidi. Ndo maana Webb ilijengwa kwa ajili ya infraredi, yani mwanga wa mawimbi marefu kuliko nyekundu tunayoiona, maana mwanga uliotoka kama ultravayoleti unafika kwetu umeshakuwa infraredi.

Kometi sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo napapenda zaidi. Kometi ikisogelea Jua barafu yake inageuka gesi moja kwa moja, mwanga wa Jua unazipiga zile molekuli, nazo zinaurudisha kwa mawimbi yake maalumu: maji karibu na mikroni 2.7, kabonidayoksaidi 4.3, kabonimonoksaidi 4.7. Kwenye grafu unaona kilima hapa, kilima pale. Na tunajua molekuli moja ikiwa umbali fulani kutoka Jua inatoa fotoni (chembe za mwanga) ngapi kwa sekunde, kwa hiyo ukubwa wa kilima unaugeuza kuwa idadi ya molekuli, hamna kubahatisha. Shida ni kwamba hewa ya Dunia nayo imejaa maji na kabonidayoksaidi, zinameza mawimbi yale yale unayoyatafuta, kabonidayoksaidi ya kometi ukiwa hapa chini huioni kwenye hiyo mikroni 4.3 hata uwe na darubini kubwa namna gani. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, hewa haimhusu.

Mwaka 2023 wakatangaza matokeo ya kometi 238P/Read, ambayo inakaa kwenye mkanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii. Kilima cha maji kipo wazi kabisa, ila pale kwenye mikroni 4.3 hamna kitu, na kile kutokuwepo nacho ni kipimo, maana kometi nyingi zina kabonidayoksaidi ya kuonekana bila tabu. Alafu ikaja 3I/ATLAS, kometi iliyotoka nje ya mfumo wetu wa Jua, ikagunduliwa Julai 2025, Webb ikaipima Agosti 6, na huko mambo yakawa kinyume, kabonidayoksaidi ikawa kama mara 8 ya maji. Kometi mbili, grafu mbili, na hamna rangi hata moja iliyohusika.

Kuna ugumu mmoja ambao watu hawaufikirii, kometi inakimbia. Webb inajishikiza kwa nyota ya kuongozea, sasa ikifuata kometi inabidi iiache ile nyota itembee kwenye kihisi kwa kasi iliyokokotolewa ili kometi ibaki imetulia, kwa hiyo nyota za nyuma zinageuka michirizi. Na kwa vile kila filta imepigwa kwa wakati wake, michirizi inatoka ya rangi tofauti tofauti, ukiiona kwenye picha ya kometi ujue inatokana na hilo. Pia Webb haiwezi kugeukia Jua, inatazama nyuzi 85 mpaka 135 tu kutoka Jua, ndo maana 3I/ATLAS ilipopita karibu na Jua mwishoni mwa Oktoba 2025 Webb haikuweza kuiona, kazi hiyo vikaachiwa vyombo vya angani vinavyochunguza Jua kama SOHO.

Kuhusu kupata picha ghafi, ndio unaweza na ni bure. Ingia kwenye hifadhi ya data inayoitwa MAST, iko chini ya taasisi ya STScI pale Baltimore, Marekani. Data nyingine zinafungwa kwanza mpaka mwaka mmoja kwa ajili ya watafiti walioomba muda wa darubini, ila nyingi ziko wazi. Tafuta M16 (ndo ile nebula ya Tai), chagua JWST (yani James Webb) na NIRCam, alafu shusha mafaili yanayoishia na i2d.fits kwa filta tatu, mfano F090W, F200W na F444W. Hakikisha una nafasi maana ni mafaili makubwa. Usijaribu kuyafungua na programu ya kawaida ya picha, weka SAOImage DS9, nayo ni bure. Ukifungua la kwanza utaona karibu weusi mtupu na vidoti vichache, usidhani faili limeharibika, nenda sehemu ya skeli (Scale) uweke ya logi (log), ndo nguzo zitatokea. Alafu fungua fremu ya RGB (nyekundu, kijani, bluu), F090W iweke bluu, F200W kijani, F444W nyekundu, na ukitaka kujua rangi zinavyofanya kazi jaribu kuzibadilishana uone picha inavyogeuka wakati namba za chini hazijaguswa.