Raha ya bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unauliza kama kweli tuchonge "Raha ya milele umpe, ee Bwana" kwenye kaburi la bibi, maana mdogo wako anaona raha ni neno la baa na ufukweni, afadhali tuandike "furaha".

Hapana. Mwacheni bibi yenu na raha yake.

Sikiliza watu wanavyosema. Furaha ina kitenzi chake: mtu hufurahi, humfurahisha mwenzake, huifurahia zawadi. Huja na sababu, na mara nyingi huja na makelele. Siku uliyozaliwa wewe vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya korongo. Kadi ya harusi husema "tunayo furaha kukualika", hakuna anayeandika "tunayo raha". Raha hatuifanyi. Tunaiona, tunaipata, tunakaa nayo. Ndugu yake ni starehe, yote mawili yametoka kwenye shina moja la Kiarabu lenye maana ya kupumzika. Ndiyo maana ukiingia mahali mtu akataka kukuinukia, unamwambia "starehe": kaa, usisumbuke.

Tazama na vinyume. Cha furaha ni huzuni. Cha raha ni tabu, na wapenda vina husema karaha. Kwa hiyo siku ile makaburini, huzuni imetufika kooni, tuliweza kumwombea bibi raha kwa moyo mmoja. Furaha ingetukwama mdomoni. Kwa Kilatini sala yenyewe huanza na neno requiem, yaani pumziko. Na katika Mathayo 11 wanaoitwa ni wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nao wanaahidiwa "mtapata raha nafsini mwenu".

Mizigo bibi aliijua. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Anarudi jioni na kuni, anainama kidogo pale mwembeni, mzigo unashuka. Anaitoa ngata kichwani, anaikung'uta gotini mara mbili. Halafu anakaa chini, miguu kainyoosha, haongei. Nikimpelekea maji anakunywa nusu, nusu anajimiminia miguuni.

"Raha," anasema.

Hacheki, wala hakuna jema lililotokea siku hiyo. Mwaka ule tulivuna magunia mawili tu ya mahindi, na babu yako alikuwa kitandani. Lakini mzigo ulikuwa chini, na mpaka kesho asubuhi hakuna wa kumwambia aunyanyue tena.

Sauti ile ndiyo iliyonijia padre alipoanzisha sala, nikashindwa kuitikia. Uliniona, ukadhani nimezidiwa, ukanishika mkono.

Mdogo wako usimlaumu, hakumkuta bibi akiwa na nguvu zake. Msomee barua hii. Fundi anatoza kwa herufi, akanishauri tufupishe. Nimemwambia aichonge sala yote, asiruke hata herufi moja, nitauza yule mbuzi mwekundu. Arobaini ni Jumamosi. Njooni Ijumaa, tulale wote nyumbani.

Mama yako